Nani aliwaambia mafundi wavue kava la cheni? Seti za cheni Mwanza hazikai

KikiTatu #1
Wakuu salaam. Niende moja kwa moja. Hivi nani alianzisha huu mtindo wa kutembea na pikipiki cheni ikiwa nje nje? Mzee wangu alikuwa na Honda CG125 ya miaka ile, cheni imefunikwa juu na chini kwa kava la bati, ukitaka kuiona unachomoa kiraba kidogo unachungulia. Sisi watoto tulikua hatujui hata cheni ya pikipiki inafananaje. Leo mimi napiga boda Buhongwa hadi mjini, nanunua seti mpya ya cheni na sproketi (yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni), mvua mbili tatu tu tayari inalia na meno yamelala upande mmoja. Msimamo wangu: waliochora pikipiki za zamani walimfikiria anayeendesha, hawa wa sasa wanachora pikipiki ya kupigia picha. Na kava limeondolewa makusudi ili tuendelee kununua seti. Nawasilisha, karibuni na mawe yenu, Mwanza mawe hayajawahi kutuishia.

Dogo wa Buzuruga #2
Nimewahi siti ya mbele. Mafundi waje.

Fundi Oili Chafu #3
Mkuu hapo umemsingizia mchoraji. Mimi nina banda Igoma, nakwambia ninachokiona kwa macho. Kuna pikipiki zinakuja na nusu kava, ni kweli, ila kuna zinazokuja na kava kamili kabisa, na wiki haijaisha dereva anazileta "fundi nitolee hili dude linagonga". Linagonga kwa sababu cheni imelegea, badala ya kuikaza anatoa kava. Wengine wanalitoa ili iwe rahisi kuvua tairi likipata pancha. Nina rundo la makava nyuma ya banda, kuku wanatagia humo.

KikiTatu #4
Fundi nitunzie moja, mwambie kuku ahame.

Kijana wa Mwaloni #5
Mnazunguka tu, tatizo ni ziwa. Ukikaa karibu na maji ile hewa ya chumvi inakula chuma taratibu. Mimi kijiwe changu Kirumba, pikipiki za huku zinaoza nyuma kuliko mahali popote Mwanza hii.

Nshomile Mstaafu #6
Hewa ya chumvi ya ziwa gani kijana? Victoria ni maji baridi, umeyanywa toka unanyonya. Chumvi iko Tanga na Dar huko. Shuleni ulikuwa unakaa dawati la dirishani nini.

Mdigo Halisi #7
Nimesikia Tanga imetajwa. Huku kwetu ukilaza pikipiki nje upande wa bahari, spoku zinaanza kuota kutu kabla hujamaliza mkopo. Nyie wa maji baridi tulieni, hamjaona kitu.

Kijana wa Mwaloni #8
Sawa profesa wa Bukoba, sasa nielezee kwa nini za Mwaloni, pale soko la samaki Kirumba, zimeoza sproketi ya nyuma na za Isamilo zinang'aa. Au Isamilo kuna ziwa lingine?

Bi Kayabo #9
Nijibu mimi maana hizo pikipiki zinabeba mzigo wangu. Mwanangu chumvi ipo, ila haitoki ziwani, inatoka kwenye tenga. Mimi nauza kayabo, sangara wa kukaushwa kwa chumvi, mzigo mwingi unaishia Kongo. Samaki wabichi nao wanatembea na barafu. Sasa angalia boda akiegesha: anaweka stendi ya pembeni, pikipiki inalalia kushoto. Cheni iko kushoto. Tenga linachuruzika kushoto. Yale maji yenye chumvi yanadondoka tone kwa tone juu ya sproketi ya nyuma wakati kijana yuko pembeni anakula mihogo. Jioni anapaki, asubuhi sproketi ina unga mweupe na kutu ya rangi ya chai. Nimewaambia waweke nailoni chini ya tenga wananiona mama mwenye maneno mengi.

Nshomile Mstaafu #10
Mama umemaliza kazi. Kijana wa Mwaloni uko wapi?

Kijana wa Mwaloni #11
Nipo. Nilisema chumvi, chumvi imepatikana. Tuendelee.

Dogo wa Buzuruga #12
😂😂😂 huyu jamaa hashindwi

Ng'wana Kisesa #13
Mwangaluka wakuu. Bi Kayabo yuko sahihi kwa Mwaloni, lakini mimi sibebi samaki. Nabeba watu, michembe na magunia ya mkaa, na cheni inakufa vilevile. Kwangu mimi ni mchanga. Haya mawe ya Mwanza ni graniti, yakimeguka yanatoa changarawe yenye chembe zinazong'aa, zile ni kwatzi, ngumu balaa. Pita njia za Kishiri au panda zile njia za juu Mabatini baada ya mvua, maji yameshusha changarawe yote barabarani, tairi la mbele linairushia kwenye cheni. Halafu kijana anachukua oili chafu iliyotoka kwenye injini anamwagia cheni mpaka inadondoka. Mchanga ukikutana na ile oili umeshatengeneza msasa, unasaga pini na bushi, vile viungo vya ndani ya cheni, mchana kutwa.

Fundi Oili Chafu #14
Jina langu lisihusishwe.

Ng'wana Kisesa #15
Jina lako ndiyo ushahidi namba moja fundi.

Fundi Oili Chafu #16
Haya nisikilizeni. Oili chafu ina unga wa chuma na masizi, ni kweli, siyo dawa. Lakini cheni kavu ni mbaya zaidi kuliko cheni yenye oili chafu. Ukiweza tumia oili ya gia, ile namba 90, kidogo, upande wa ndani wa cheni, jioni ukimaliza kazi ili ikae usiku kucha iingie, asubuhi unafuta ya nje kwa tambara. Inayofanya kazi ni iliyoingia ndani ya pini, ya nje inakaribisha vumbi tu. Shida ni kwamba dereva anaweka asubuhi dakika ile ile anaondoka, yote inaruka inaishia kwenye suruali ya abiria.

Mwalimu wa Nyakato #17
Nilishashuka kwenye boda nikaingia darasani na madoa mgongoni, wanafunzi wakacheka kipindi kizima. Sasa najua chanzo.

Bosi Pikipiki Nne #18
Mnaongelea mchanga na chumvi, mimi niongelee binadamu. Pikipiki nikimpa kijana kwa hesabu ya kila siku, cheni haikai, breki shuu hazikai, oili nanunua mimi na sijui kama inaingia kwenye injini au inaingia kwenye chipsi. Nikimpa kijana yule yule pikipiki ile ile kwa mkataba, kwamba akimaliza inakuwa yake, ghafla anajua kukaza cheni, anajua kufuta vumbi, hata abiria wa tatu anamkataa. Barabara zile zile, ziwa lile lile. Niambieni hapo mchoraji wa pikipiki kakosea wapi.

KikiTatu #19
Bosi usitake kutuonea. Kijana wa hesabu akisimama kupaka oili cheni, ule muda unamlipa wewe? Hesabu haipungui. Mvua ikinyesha hesabu ipo, trafiki akimkamata hesabu ipo. Na seti ya bei ya chini unamnunulia wewe.

Bosi Pikipiki Nne #20
Seti nampa hela ya orijino, analeta feki na chenji haionekani.

Dogo wa Buzuruga #21
Mambo ya ndani haya, malizaneni pm.

Mzee wa CG #22
Vijana nimesoma nikaona nichangie kidogo. Honda CG125 ilitoka 1976. Kabla yake Honda walikuwa na CB125, injini yenye kamu, kile chuma kinachozunguka na kufungua valvu, juu kwenye kichwa. Wakaona kwenye nchi zetu watu wanaendesha bila kubadili oili, na kamu iliyo juu kule ikikosa oili safi inalika mapema. Wakashusha kamu chini, wakaweka vijiti vya kusukuma valvu, cheni ya taimingi, ile ya ndani ya injini inayozungusha kamu, ikawa haipo kabisa. Na cheni ya nyuma wakaifungia kwenye kava kwa sababu walijua hamtaipaka oili. Yaani ile pikipiki ilichorwa kwa kudhani mmiliki ni mzembe. Ndiyo maana ilidumu.

Fundi Oili Chafu #23
Hapo kwenye "mmiliki ni mzembe" naomba ibandikwe kwenye kila kijiwe.

Mtoto wa Igogo #24
Sasa mzee CG si ya Kichina? Hizi za Kichina zote naona zimeandikwa CG ubavuni.

Mzee wa CG #25
Hapana, ni ya Honda, Japani. Wachina waliinakili injini ile kwa sababu ni rahisi kutengeneza na haina mambo mengi, ndiyo maana unaikuta kwenye pikipiki za majina kibao. Honda wenyewe walihamishia utengenezaji wa zile za soko la Ulaya Brazili mwaka 1985, baadaye Pakistani. Pakistani bado zinatoka, na kava la cheni bado wanaliweka.

Mtoto wa Igogo #26
Na Boxer je? Maana kijiweni kwetu kuna jamaa ameapa ni ya Kijapani.

Nshomile Mstaafu #27
Boxer ni ya Bajaj, Wahindi, makao yao makuu Pune. Jamaa yako hajapotea sana maana Bajaj walishirikiana na Kawasaki kuanzia miaka ya 1980 na mizizi ya Boxer iko kwenye ule ushirika. TVS nayo ni ya India, kule Tamil Nadu. Hizi zote mbili kamu iko juu, zina cheni ya taimingi na tensa yake ya kuikaza. Kwa hiyo mkimsikiliza Mzee wa CG, hizi ndizo zilitakiwa kufa mapema, lakini angalia vijiwe vya Mwanza zimejaa zipi. Nadharia ya vijiti ina tundu.

Mzee wa CG #28
Haina tundu. Oili za siku hizi ni bora kuliko za 1976, na vyuma vya kamu vimeboreshwa. Usilinganishe mambo ya wakati ule na sasa. Halafu hii mada ni ya cheni ya nyuma, wewe umenipeleka kwenye injini.

Nshomile Mstaafu #29
Injini umeileta wewe #22.

Kipimo #30
Naona kila mtu ana mchawi wake na hakuna aliyepima. Ngoja nitoe vipimo. Cheni nyingi za boda ni saizi 428. Kutoka pini hadi pini ni milimita 12.7. Ivute ikaze, pima pingili 20, yaani katikati ya pini ya 1 hadi katikati ya pini ya 21. Mpya inasoma 254. Ikifika 259 imeongezeka asilimia 2, hiyo itoe. Na chuma hakijavutika, ni pini na bushi za ndani zimelika kidogo kidogo kila pingili, ukijumlisha unaona urefu. Kama huna rula shika cheni pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa uivute nje. Ukiona inaachana na jino hadi nusu ya jino liko wazi, usimlaumu mtu, nenda dukani.

La pili ndilo kubwa. Fundi anakaza cheni pikipiki ikiwa juu ya stendi kubwa, tairi linaning'inia. Anaikaza mpaka inakuwa waya, dereva anafurahi kelele zimeisha. Ukipandisha abiria wawili na gunia, tairi la nyuma linapanda juu. Kuna mahali ekseli ya nyuma, bolti ya egemeo la ule mkono wa tairi na sproketi ya mbele vinakuja kwenye mstari mmoja, na hapo ndipo cheni inakuwa imekaza kuliko kote. Kama haukuacha nafasi inajivuta yenyewe na bering ya sproketi ya mbele nayo inaumia. Pikipiki nyingi hizi zinataka sentimita 2 hadi 3 za kucheza juu na chini. Pima mtu akiwa amekaa, na zungusha tairi, pima sehemu iliyokaza zaidi, siyo iliyolegea. Sasa hilo la mchanga wa Kishiri na chumvi ya Bi Kayabo tuliongeze juu yake, lakini mimi naona cheni nyingi za mjini zinauawa na spana.

Ng'wana Kisesa #31
Wabeja sana Kipimo. Ila mimi naikaza mwenyewe na naacha nafasi, na bado. Mchanga.

Bi Kayabo #32
Na mimi bado chumvi.

Bosi Pikipiki Nne #33
Na mimi bado dereva.

Dogo wa Buzuruga #34
Uchaguzi umeisha, kila mtu kashinda jimbo lake.

Kona ya Bugando #35
Hamjataja milima. Sisi tunaopandisha wagonjwa na ndugu zao Bugando, na wale wa Isamilo, tunabadilisha sproketi ya mbele. Iliyokuja na meno 14 tunaweka ya 13. Pikipiki inapanda na watu wawili gia ya pili bila kulia. Kijiwe chote tumefanya hivyo. Na kweli cheni zinakwisha haraka, lakini bora cheni kuliko kuchoma klachi katikati ya mlima na mama mjamzito nyuma.

Kipimo #36
Kona ya Bugando umejijibu. 14 kwa 13 unapata nguvu zaidi kwa karibu asilimia 8 kwenye tairi, na mvuto kwenye cheni unaongezeka kiasi hicho hicho kwa injini ile ile. Halafu sproketi ikiwa ndogo kila pingili inakunjika kwa kona kali zaidi ikizunguka, na meno machache ndiyo yamebeba mzigo wote. Siyo dhambi, ila ukishuka barabara ya Airport injini inazunguka zaidi kwa mwendo ule ule, mafuta yanaondoka.

Mtaalamu wa Hesabu #37
Kuna kitu mmesahau. Ukiwa na cheni ya pingili 112 na sproketi ya mbele meno 14, 112 ukigawa kwa 14 ni 8 kamili. Maana yake jino moja linakutana na pingili zile zile kila mzunguko wa cheni, kasoro moja inarudia pale pale. Ukiweka 13 au 15 haigawanyiki, ulaji unasambaa. Kwa hiyo jamaa wa Bugando kwa bahati wamefanya jambo la maana.

Fundi Oili Chafu #38
Kaka kwenye karatasi uko sawa. Njoo Igoma nikuoneshe cheni ambayo imejaa mchanga pingili zote 112 bila upendeleo.

Mtaalamu wa Hesabu #39
😂 nimekuelewa ila hesabu haidanganyi

Dereva wa Sengerema #40
Naomba nami. Zamani natoka Sengerema kuja mjini napita Busisi, pantoni unaisubiri, pikipiki inapoa, cheni inapoa, unakunywa soda unaangalia sproketi yako vizuri, ukiona klipu imelegea unairudishia. Toka Daraja la Magufuli lifunguliwe Juni 2025, kilomita 3 unazifuta kama mchezo, hausimami popote. Mimi nasema cheni siku hizi zinakufa kwa kukosa pantoni.

Nshomile Mstaafu #41
Hii ndiyo nadharia bora kuliko zote toka uzi uanze. Turudishe foleni ili cheni zipone.

Kijana wa Mwaloni #42
Na ushuru wa pantoni urudi pia, au hiyo hapana?

Dereva wa Sengerema #43
Hiyo hapana.

Ila hapo kwenye klipu nilikuwa serious. Wengi wanafunga klipu ya kuungia cheni kinyume. Upande uliofungwa utangulie cheni inakoelekea, mdomo wazi uangalie nyuma. Ukifunga kinyume jiwe moja tu likiigusa inaruka, na cheni inakuachia Usagara usiku.

Mdigo Halisi #44
Hilo la klipu kweli tupu. Wabara mna akili mkitulia.

Msichana wa Skuta #45
Samahani kwa kuingilia, mimi nina skuta ya mkanda, haina cheni. Nina muda mrefu sijui habari za sproketi. Kwa nini bodaboda wasihamie huku?

Fundi Oili Chafu #46
Dada mkanda wako ni mzuri kwenye lami na mtu mmoja. Mbebeshe gunia la mpunga, mpandishe Kitangiri na lile tope, ule mkanda utateleza na kunuka. Na ukikatika Magu huko, spea utaipata lini? Cheni 428 inapatikana hata kwenye duka la sabuni na chumvi.

Mtoto wa Igogo #47
Guta za mizigo mbona nyingi zina shafti, kama gari, hakuna cheni? Wangeweka hiyo kwenye boda tu yaishe.

Kipimo #48
Shafti inaongeza uzito na bei na inakula nguvu kidogo njiani. Kwenye BMW kubwa hausikii, kwenye injini ya 125 utasikia. Guta yenyewe ina tairi mbili nyuma inahitaji difu ya kugawa nguvu kwa tairi zote mbili, kwa hiyo shafti ina mantiki pale. Nyie mnaotaka kutoroka cheni subirini za umeme, zile zenye mota ndani ya rimu hazina cheni kabisa.

Bosi Pikipiki Nne #49
Za umeme dereva atasema betri imeliwa na ziwa.

Mzee wa CG #50
Honda Super Cub ipo toka 1958, cheni ndani ya boksi toka mwanzo, na mwaka 2017 walitimiza zilizotengenezwa milioni 100. Sijaona mtu akilalamika boksi linagonga.

Fundi Oili Chafu #51
Kwa sababu Cub hawaipakii mshikaki mzee wangu.

Mzee wa CG #52
Asia wanapakia familia nzima na nguruwe.

Spea za Makoroboi #53
Mimi nauza spea, nilikuwa nasoma kimya. Hamtaki kusikia ila nasema: nusu ya mnayoyalaumu ni chuma laini. Mteja anaingia anauliza "ya bei rahisi ipo?" ipo. Sproketi nzuri meno yake yametiwa ugumu kwa moto, ngozi ya juu ni ngumu. Njoo na tupa ndogo, pitisha kwenye ncha ya jino kabla ya kulipa. Tupa ikiteleza, chukua. Ikikwangua na kutoa unga, rudisha, hiyo ni bati nene tu. Na usiweke cheni mpya kwenye sproketi iliyolala, zinauana zenyewe kwa zenyewe, badilisha zote tatu pamoja, cheni na sproketi mbili.

KikiTatu #54
Sasa duka lako utaniruhusu nipitishe tupa kabla ya kulipa?

Spea za Makoroboi #55
Kwenye zile za bei ya juu nitakuruhusu.

Dogo wa Buzuruga #56
😂😂 jibu la kiwakili

Kona ya Bugando #57
Na zile raba za ndani ya habu ya nyuma, zinazopokea mshtuko? Mimi niligundua zangu zilikuwa zimekuwa unga. Kila nikiachia klachi sproketi inapigwa kwa nguvu yote. Nilipoweka mpya pikipiki ikatulia. Hakuna anayezitaja, kwa sababu hazionekani.

Fundi Oili Chafu #58
Hizo raba ni bei ya soda mbili tatu na hakuna anayeziomba. Shika sproketi ya nyuma kwa mkono uitikise mbele na nyuma, tairi likiwa limetulia. Ikicheza sana zimekwisha.

KikiTatu leo kaja kuchukua kava. Nimemfungia.

KikiTatu #59
Limekaa vizuri. Linagonga kidogo nikiwa gia ya tatu.

Ng'wana Kisesa #60
Usitoe!!!

Bosi Pikipiki Nne #61
Atalitoa kabla ya Jumapili.

Jini Sproketi #62
Nimefika kwa kuchelewa. Mimi napinga kava kamili. Rafiki yangu alikuwa nalo, cheni ikalika ndani kwa ndani hakuiona, ikakatika yuko mwendo kasi maeneo ya Mkolani, ikajikunja mle ndani ya kava ikabana tairi la nyuma. Aliserereka mpaka kwenye mtaro, bahati nyuma hakukuwa na gari. Cheni ikiwa nje unaiona inavyozeeka. Kava linakuficha ubaya mpaka siku ya mwisho.

Mzee wa CG #63
Ndiyo maana kuna kile kitundu cha raba cha kuchungulia. Rafiki yako alichungulia?

Jini Sproketi #64
Hakuna anayechungulia mzee. Si wewe umesema #22 mmiliki ni mzembe? Sasa mzembe huyo huyo umemfichia na cheni.

Fundi Oili Chafu #65
Hapo Mzee wa CG kakamatwa.

Mzee wa CG #66
Sijakamatwa. Cheni iliyofungwa inadumu mara nyingi zaidi kabla ya kufika huko kukatika. Na iliyo nje nayo inakatika, tena inakupiga mguu.

Kipimo #67
Ikikatika ikiwa nje mara nyingi inavunja na ukuta wa injini pale kwenye sproketi ya mbele. Nimeona injini imetobolewa namna hiyo, oili yote barabarani.

Mwalimu wa Nyakato #68
Kwa hiyo abiria akae upande gani ili asipakwe oili wala asipigwe na cheni?

Kijana wa Mwaloni #69
Mwalimu panda daladala.

Mwalimu wa Nyakato #70
Daladala ya Nyakato asubuhi unaijua au unaisikia?

Bi Kayabo #71
Fundi, na mimi kijana wangu wa mzigo namtuma kesho asubuhi. Mfungie kava na umtobolee matundu chini maji yatoke, maana likiziba nitakuwa nimemuekea sproketi kwenye ndoo ya chumvi.

Fundi Oili Chafu #72
Aje mapema mama, kabla jua halijawa kali. Yamebaki mawili, moja lina mayai.